Mkristu wa Kamatanda na Jirani Yake

«Kufundisha dini ni kazi ya mapadri na makatekista. Sisi wengine kazi yetu ni kusali, kutoa zaka na kubatizisha watoto.» Maneno ya namna hiyo kila padri ameyasikia, tena kutoka kwa Wakristu wema, wasiokosa Misa hata siku ya mvua kubwa. Wanayasema kwa heshima, wakidhani kwamba wanautukuza upadri. Lakini tukiyapima vizuri, twaona ni maneno ya mtu aliyepewa mbegu, akazitia katika kopo, akalifunika, akangoja mwenye shamba aje kuzipanda yeye mwenyewe.

Twataka kueleza hapa, kwa ajili ya wafrateri, mapadri wenzetu na makatekista, namna gani Mkristu asiye padri, wala mtawa, wala mwalimu wa dini, aweza kuwashirikisha wengine imani yake, tena kwa furaha, pasipo kulazimishwa na pasipo kujifanya mhubiri. Mifano mingine tutaitoa mbali, lakini macho yetu yako Kamatanda, kando ya Likasi. Msomaji wa Kongolo, wa Kalemie au wa Bukavu abadili majina tu.

Majirani wasiojuana

Kamatanda ni mahali pa reli na pa shaba. Mji wa Likasi wenyewe, ulioitwa Jadotville hadi 1966, ulikua kwa sababu ya madini: Panda, Shituru, Kambove, Shinkolobwe, kila mzee wa Katanga ayajua majina hayo. Wakati wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, mfanyakazi alipewa nyumba katika kampi, watoto wake wakaenda masomoni, mke wake akajifungua katika hospitali ya kampuni. Misioni nayo ilijengwa karibu na kampi. Kila mtu alijulikana: kapita wake ni nani, amebatizwa ama hapana, amefunga ndoa ama anaishi hivi hivi. Dini ilifuata njia ile ile ya unga na mshahara, yaani ilitoka juu ikashuka. Hatusemi hivyo ili kuwadharau wamisionari wa zamani. Bila jasho lao wengi wetu tusingesimama altareni leo.

Lakini njia ile imebomoka. Katika miaka ya 1990 kazi za Gécamines zilianguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wana wao wengi wamekuwa wachimbaji wa mkono. Mtu atoka Kasai, au Lomami, au kijiji cha mbali, akiwa na koleo na mfuko, apanga chumba, na baada ya miezi michache ahama tena, kwa kuwa amesikia kwamba shimo fulani lina mawe mazuri zaidi. Nani atamwandika katika kitabu cha parokia? Padri hamjui. Katekista hamjui. Anayemjua ni mama wa nyumba ya pili anayemwuzia makala na munkoyo. Mama huyo akiwa Mkristu, naye akanyamaza, basi Eklezya nzima imenyamaza mbele ya mtu yule.

Tena kuna jambo zito, ambalo mtu akitaka kusema habari za mapendo ya Kristu katika Likasi hawezi kulipita pembeni. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, maelfu kwa maelfu, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala siku nyingi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengi wao, hasa watoto, wakafa pale au njiani. Katika waliofukuza na waliofukuzwa walikuwamo watu waliosoma katekisimu moja na kupiga magoti mbele ya altare moja. Wazee hawajasahau. Kwa hiyo Mkristu akifungua kinywa kusema juu ya Yezu, jirani yake kwanza amtazama yeye mwenyewe: siku zile, wewe au baba yako mlisimama wapi? Hapo maneno matamu hayafai kitu. Yule aliyemtunzia jirani ufunguo wa nyumba, au aliyekwenda baadaye kumwomba msamaha, huyo ana neno la kusema, hata akiwa hajui kusoma.

Walioanza bila jina

Turudi nyuma kidogo. Sura ya 11 ya Matendo ya Mitume yatueleza namna Eklezya ya Antiokia ilivyozaliwa. Baada ya kifo cha Stefano Wakristu walitawanyika. Baadhi yao, watu wa Kipro na wa Kirene, wakafika Antiokia wakaanza kusema na Wagiriki juu ya Bwana Yezu. Luka ni mwandishi anayependa kutaja majina, lakini hapa hataji hata moja. Barnaba atumwa kutoka Yeruzalemu baadaye, wakati moto umekwisha kuwaka. Naye akifika afanya nini? Afurahi, awatia moyo, ndipo amtafuta Saulo, na kwa mwaka mzima wawafundisha watu. Wafrateri wauangalie vizuri utaratibu huo. Watu wasio na cheo walianza. Mjumbe wa Eklezya alikuja kutazama na kuthibitisha. Mafundisho marefu yakafuata. Na ni katika mji ule ule wanafunzi walipoitwa Wakristu mara ya kwanza.

Afrika yetu nayo ina Antiokia yake. Mapadri Weupe walifika Buganda mwaka 1879, wakabatiza watu wa kwanza mwaka 1880, na mwezi wa Novemba 1882 wakalazimika kuondoka, wakavuka ziwa kwenda kusini. Walirudi mwezi wa Julai 1885. Kwa muda wa karibu miaka mitatu hapakuwa na padri, wala Misa, wala kitubio. Mtu angedhani watakuta majivu. Walikuta wanaosali wengi kuliko wale waliowaacha. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa amewafundisha vijana katika jumba la mfalme. Andrea Kaggwa, mkubwa wa wapiga ngoma, aliwapokea watu nyumbani kwake. Kule Mityana, Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali waliwakusanya majirani; na huyo Noe alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Sote twajua walivyokufa mwaka 1885 na 1886, maana twasherehekea kila mwaka tarehe 3 Juni. Tusisahau walivyoishi kabla ya hapo. Tukikumbuka moto wa Namugongo peke yake, twawaweka mbali mno na yule mama wa makala; tukimkumbuka Noe akiwa na udongo mikononi na jirani ameketi kando akiuliza maswali, mara twaona kwamba ni mtu wa mtaa wetu.

Katika Kongo tunaye Mwenye Heri Isidori Bakanja, aliyekuwa mtu wa kazi ya mshahara kama watu wa Likasi. Alikuwa msaidizi wa waashi kule Coquilhatville, yaani Mbandaka ya sasa, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye akaingia kazini kwa Mzungu mmoja wa kampuni, akafika naye Ikili, mahali pasipo kanisa wala padri. Alifanya nini huko? Alivaa skapulari yake, alisali Rozari bila kujificha, na wenzake walipomwuliza, aliwafundisha sala alizozijua. Hayo tu. Kwa ajili ya hayo alipigwa vibaya mno mwaka 1909, vidonda vya mgongo vikaoza, akafa tarehe 15 Agosti mwaka ule, akiwa amemsamehe yule aliyempiga na kuahidi kumwombea mbinguni. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Alipopigwa hakuwa na miaka mitatu tangu kubatizwa. Wakristu wetu husema: «Sijasoma vya kutosha.» Isidori angaliweza kusema hivyo kwa haki kuliko wao.

Somo la Jamaa

Sasa tuje Katanga yenyewe, kwa kuwa hapa petu lilitokea jambo ambalo wengi nje ya nchi yetu wameliandikia vitabu, nasi wenyewe tumeanza kulisahau. Padri Placide Tempels, Mfransisko, alifika Kongo mwaka 1933. Wanafunzi wa filosofia wanamjua kwa kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka mwaka 1945. Lakini kwa Wakristu wa kampi za Union Minière yeye ni baba wa Jamaa.

Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kwa miaka mingi alihubiri kama mkubwa anayejua, na watu walimsikiliza kama watu wanavyomsikiliza mkubwa: waliitika, wakaenda zao. Ndipo akageuza njia. Badala ya kutoa majibu ya katekisimu mbele ya maswali, alianza kuwauliza watu: ninyi mnataka nini kuliko vyote? Moyo wenu unalilia nini? Nao walimjibu mambo ambayo kila Mwafrika ayajua tangu tumboni mwa mama yake: twataka uzima, twataka kuzaa, twataka umoja na mapendo kati yetu. Padri akaona kwamba Kristu hakuja kuyafuta hayo, alikuja kuyajaza. Tangu mwaka 1953 hivi, akiwa upande wa Kolwezi, yeye na wafanyakazi wa Musonoi pamoja na wake zao walikutana, wakaongea, wakasali, kwa Kiswahili cha kampi, si kwa Kifaransa. Jamaa ikatoka nyumba hata nyumba. Mfanyakazi akihamishwa mji mwingine, alikwenda nayo pamoja na vyombo vyake vya kupikia. Hivyo ikafika katika miji ya madini karibu yote ya Katanga, na Kasai pia, bila kupangiwa na ofisi yoyote.

Twaomba msomaji akae kidogo juu ya jambo hili. Jamaa haikuwa na fedha. Haikuwa na shule zake. Waliopeleka neno walikuwa bwana na bibi pamoja. Zamani dini ya wanaume ilifundishwa huku, na dini ya wanawake huku, na nyumbani kila mmoja alibaki na yake. Lakini Jamaa iliwataka wawili waseme na kusikilizana wao kwanza, kabla ya kwenda kwa jirani. Jirani alipowatembelea jioni aliona kitu ambacho mahubiri hayawezi kuonyesha: bwana anamwita bibi yake kwa heshima, wanakula pamoja bukari katika sahani moja, na watoto hawaogopi baba yao aingiapo. Akauliza: «Mbona ninyi mko hivi?» Swali hilo ndilo mlango. Papa Paulo VI, katika barua yake juu ya kutangaza Evanjili ya mwaka 1975, alieleza jambo hilo hilo: maisha ya Wakristu yaamshe kwanza swali katika mioyo ya wale wanaowatazama, ndipo neno lifuate, na neno lisipofuata kamwe, ushuhuda huo hautoshi. Wazee wa Jamaa walikuwa wanafanya hivyo tangu miaka 20 kabla ya barua ile.

Basi, je, tuseme Jamaa ilikuwa njema tu? La, hasha. Watu waliingizwa kwa njia ya kwanza, ya pili na ya tatu, na baadhi ya mafundisho yakafichwa kwa wale ambao hawajafika. Palipo na siri pana majivuno. Wengine wakaanza kujiona kuwa ndio Wakristu wa kweli, na wengine wote parokiani kuwa watu wa nje. Vikundi fulani vilipotea hata katika mambo ya ndoa, vikajitenga. Ndivyo watu walivyoviita Katete. Na katika miaka ya 1970 maaskofu walipaswa kuonya na kukata. Padri Tempels alikuwa amekwisha kurudi Ubelgiji tangu 1962, akafa huko mwaka 1977.

Kwa maoni yetu, wanaotaja Katete ili kuwazuia walei wasifanye lolote wanakosea, sawa na mtu anayekataa kuwasha moto kwa sababu nyumba moja iliungua. Kosa la vikundi vile lilikuwa kuifunga furaha ndani ya chumba. Habari Njema haina njia ya tatu inayonong'onezwa sikioni. Jirani akiuliza, Mkristu aweze kumjibu mbele ya mlango wazi, na jibu liwe lile lile ambalo padri angetoa mchana kanisani.

Kwenye kilio na kwenye shimo

Mkristu wa Kamatanda ataanzia wapi? Asianzie na kitabu mkononi. Aanzie mahali ambapo watu wako tayari pamoja.

Tuchukue kilio. Mtoto amekufa katika nyumba ya jirani. Watu wanakuja, wanakaa chini, usiku moto unawashwa. Kabla ya alfajiri jina la mtu limekwisha kutajwa: bibi kizee fulani, au mke wa pili, au, jambo la uchungu zaidi, mtoto mwingine wa nyumba ile ile anayeitwa mchawi. Sote twajua watoto waliofukuzwa mitaani kwa maneno ya namna hiyo, na kwamba wako wahubiri wanaopata mkate wao kwa kuyathibitisha. Mama Mkristu amefika mapema. Amechota maji, amepika, amemshika mama mwenye kufiwa mkono. Hakuna mtu aliyemkataza, kwa kuwa kazi hiyo ni ya jirani. Jina linapotajwa, yeye hatoi hotuba juu ya ushirikina. Anasema tu, kwa sauti ya kawaida: «Mimi siwezi kumtaja mtu. Mtoto huyu yuko mikononi mwa Mungu, na Mungu hamli mtoto.» Kisha anasali Salamu Maria, na anayetaka kuitika aitike. Kesho yake huenda mtu mmoja akaja kumwuliza aliwezaje kusema vile bila hofu. Kumwondolea mtu hofu ya uchawi, hiyo ni Habari Njema kweli katika mtaa wetu, kuliko hoja mia moja. Na bibi kizee asiyeguswa siku ile atajua ni nani aliyemkinga.

Tukae kidogo juu ya furaha, maana neno hili halieleweki vema. Kufurahi si kuchekacheka, wala si kupiga makofi kwa nguvu kuliko kanisa la jirani. Mama yule wa kilioni hana kicheko, lakini ana furaha, yaani moyo wake una mahali pa kusimama. Papa Fransisko, katika barua yake ya mwaka 2013 juu ya furaha ya Evanjili, alitukumbusha kwamba mjumbe wa Evanjili asionekane daima kama mtu anayerudi mazikoni. (Kwaya zetu zaimba vizuri sana, twazisifu, lakini tumeona wageni wakitoka katika Misa iliyoimbwa vizuri bila mtu hata mmoja kuwauliza wanatoka wapi.) Furaha ya Mkristu yatoka katika kusamehewa. Ndiyo maana anayekaa miaka bila kitubio, kisha akapewa kazi ya kuwatembelea watu, huchoka upesi na kuanza kugombana nao.

Na shimoni? Wachimbaji wa mkono wanashuka mahali ambapo udongo waweza kuwafunika saa yoyote. Kwa hiyo dawa ni nyingi: dawa ya kupata mawe, dawa ya kumzuia mwenzako asipate, na lutuku ya kuondoa hofu. Mchimbaji Mkristu akifanya ishara ya msalaba kabla ya kushuka, wenzake wataona. Lakini watakachokitazama zaidi ni siku ya kugawana fedha. Je, amegawa sawasawa na yule kijana asiyejua hesabu? Je, mwenzao alipovunjika mguu, alimpelekea fungu lake nyumbani? Yule ambaye wenzake wanamwamini na mzani, huyo akisema neno moja juu ya Kristu wakati wa kupumzika, neno hilo halianguki chini.

Hapa tunaye shahidi wa karibu sana, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, wa Goma. Hakuwa padri. Alizaliwa mwaka 1981, akasoma sheria, akawa mshiriki wa jumuiya ya Sant'Egidio, akawasaidia watoto wa barabarani kurudi masomoni. Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa rushwa aliyopewa ili aache chakula kilichooza kipite, kwa sababu watu wangekila wakafa. Wakamteka na kumwua mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana na makatekista katika uwanja wa Kinshasa mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenye Heri kule Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Twamtaja kwa sababu wako wanaodhani kwamba kushirikisha imani ni kusema sana. Mkaguzi anayekataa bahasha amekwisha kufundisha sura nzima ya katekisimu, na wanaofanya naye kazi wamemwelewa, hata wale wanaomchukia.

Neno la kusema, na neno la kunyamaza

Lakini siku ya kusema itafika. Mtakatifu Petro, katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, ataka kila Mkristu awe tayari kueleza sababu ya tumaini lake, tena kwa upole na heshima. Sababu ya tumaini lake, asema. Hasemi sababu ya kuwashinda wengine. Mkristu wa kawaida aseme mambo aliyoyaona katika maisha yake: nilikuwa hivi, Bwana alinitendea hivi, sasa naishi hivi. Mwanamke Msamaria wa sura ya 4 ya Yoane hakujua teolojia. Aliuacha mtungi wake, akawaita watu wa mji waje kumwona mtu aliyemwambia mambo yake yote. Tena yeye mwenyewe alikuwa bado na shaka kidogo, kwa kuwa aliuliza tu kama huenda huyo ndiye Kristu. Watu walikuja hata hivyo.

Juu ya makanisa ya uamsho yaliyojaa katika mitaa yetu, twashauri hivi. Mtu wao akimwuliza Mkristu wetu kwa nini twamheshimu Bikira Maria, ajibu kwa ufupi anachokijua. Asipojua, aseme: «Sijui vema, nitauliza.» Neno hilo halina aibu, laleta mazungumzo ya pili. Asiwacheke, asiseme kwamba mchungaji wao ni mwizi, hata kama watu wote wanasema hivyo. Wengi walikwenda huko kwa sababu siku ya ugonjwa mtu alikuja kusali kando ya kitanda chao, na kwetu hakuja mtu. Katika jambo hilo tuwaige, wala tusilaumu.

Tena asimwahidi mtu kitu. Wakati wa njaa ni rahisi kusema: njoo kwetu, kuna unga wa Karitasi. Unga apewe mwenye njaa kwa sababu ana njaa, awe Mkatoliki au asiwe.

Kazi ya padri na ya katekista

Je, sisi tuliotumwa kuwaongoza tutafanya nini? Tumfuate Barnaba: tuende tukaone, tufurahi, tutie moyo, halafu tufundishe kwa subira. Kuna desturi moja ambayo twaona yaua mambo mengi mema. Mlei akionyesha bidii kidogo, mara anachaguliwa kuwa katibu wa kamati. Anapewa muhuri na daftari. Jioni zake zote zinakwenda katika mikutano. Na yule jirani aliyekuwa anaongea naye kwenye bomba la maji hamwoni tena. Kamati zahitajika, hatukatai. Lakini mtu mwenye kipaji cha kuongea na jirani aachiwe jioni zake.

Tangu mwaka 1961 maaskofu wa nchi yetu walichagua njia ya jumuiya hai za msingi, zile ambazo ndugu zetu wa Kivu huziita shirika. Mahali pake ni nyumbani, si ofisini. Twashauri kwamba katika mkutano wa juma, baada ya kusoma Evanjili ya Dominika, swali la kwanza lisiwe nani hajatoa mchango, liwe: nani amehamia katika mtaa wetu juma hili, na nani amekwenda kumpa karibu? Wakipatikana wawili, hasa bwana na bibi, waende wote wawili, bila barua na bila kitabu, wakiwa na munkoyo kidogo katika bidoni. Wakiulizwa wametumwa na nani, waseme kweli: ni majirani, nao ni watu wa kanisa Katoliki.

Na mgeni akitaka kusoma dini, asipokelewe peke yake kama barua iliyofika posta. Yule aliyemleta aje naye siku ya kwanza, aketi kando yake, na ikiwezekana arudi naye mara nyingi, kwa sababu maswali makubwa mkatekumeni haulizi darasani, huuliza njiani wakirudi. Jirani huyo ndiye afaaye kuwa msimamizi wake siku ya ubatizo, kuliko mtu mwenye suti anayetafutwa mkesha wa Pasaka. Katekista aandike katika kitabu jina la mkatekumeni, na kando yake jina la jirani. Na mkatekumeni akikosa majuma mawili, aanze kwa kubisha hodi kwa jirani huyo.